Uso Wako Dirishani Kariakoo

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Doto wangu,

Mwangaluka, pacha wangu, ama mwadila kama karatasi hii itakufikia jua limeshapinduka. Mmeamkaje hapo Bariadi? Mgongo wa shemeji umekaa sawa tangu aanguke na baiskeli? Na wanangu, yule mkubwa amemaliza mtihani wake au bado analialia? Na Mama huko Nyalikungu, macho yanaona uzi na sindano? Mimi ni mzima. Ukiona mwandiko unayumba usidhani naumwa, ni furaha tu. Nilitaka nikuulizie mpaka ng'ombe mmoja mmoja kama inavyopasa, lakini nikichelewa nitapasuka. Doto, nakuja! Tena siji kutembea. Nakuja kuishi Mwanza!

Umesoma vizuri, rudia kama huamini. Bi Zuhura, mwenye saluni hii, anafungua nyingine Mwanza, na atakayeisimamia ni mimi. Mimi, Kulwa, niliyekuja huku na kikapu kimoja cha ukindu baada ya ndoa yangu kuvunjika, nikaanza kwa kufagia nywele za watu sakafuni. Miaka minane sijakaa nawe jiko moja. Kutoka Mwanza mpaka kwako ni kupanda basi asubuhi na kula mchana nyumbani kwako. Jana nilipoambiwa nilikwenda uani nikarukaruka peke yangu, mpaka mpangaji wa chumba cha pili akadhani nimeng'atwa na kitu.

Lakini kabla hujapiga vigelegele, ngoja. Kuna jambo, ni baya, nimelifanya mimi, na linakuhusu wewe. Mama Mabula yule muuza mitumba wa sokoni ameshafika Bariadi, na mdomo wake tunaujua wote. Huenda ameshakusimulia. Kama ameshakusimulia, sikia na kwangu. Kama bado, afadhali unisikie mimi kwanza. Mwanza nimepewa, ndiyo, lakini nije Mwanza kufanya nini kama wewe hutaki kuniona?

Unaikumbuka ile mashine niliyokusifia kwenye barua iliyopita. Ni kisanduku cha rangi ya maziwa, ukubwa wake kama redio ya shemeji, kina nyaya mbili, na kila waya una kijiti cha chuma mwishoni. Mteja analala, unampaka jeli usoni, kisha unavuta vile vijiti taratibu kutoka kidevuni kwenda sikioni, na umeme mdogo sana unapita, anausikia kama sisimizi anatembea. Ngozi iliyolegea inajikaza. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, vitu vya namna hii vinaingia mjini kila siku, na akina mama wenye nafasi wanavipigania. Mwalimu aliyetufundisha alitoka Nairobi, mwanamke mpole, na jambo moja alilirudia mara tatu: mara mbili kwa wiki, dakika kumi kila shavu, basi. Inasaidia kidogo, alisema, na ukiacha ngozi inarudi ilikokuwa polepole. Anayetaka zaidi ya hapo, mwambieni hapana.

Wewe ukanijibu kwa ukali wako: "Kulwa, usije ukajichubua kama wale wa mkorogo ukarudi na rangi mbili." Nilicheka. Hii haichubui rangi, nikajisemea, inakaza tu. Chini ya barua yako ukaongeza kwamba Mama alisomewa habari za mashine, akauliza, "Na Doto yeye atafanyiwa lini?"

Hapo nikacheka zaidi, na nisingecheka. Umesahau Mama alivyotulea? Gauni halikununuliwa moja hata siku moja. Wewe ukiugua malaria, mimi mzima wa afya nami nalambishwa kwinini. Siku ulipong'olewa jino pale hospitali nilikalishwa kwenye kiti kile kile, nikafunuliwa mdomo, tabibu akachungulia akacheka, ndipo Mama akaridhika tukarudi nyumbani. Kulwa na Doto hawafanyiwi kimoja kimoja, hivyo ndivyo alivyofundishwa na bibi, na mimi nikajiona wa mjini, nikasema hayo ni ya kizamani.

Sasa sikiliza. Kwenye kioo changu cha kazi nilikuwa nimechomeka ile picha yako uliyoniletea mwaka jana, uliyopigwa msimu uliopita kwenye kituo cha kununulia pamba. Umesimama kando ya mizani, kitenge kichwani, penseli sikioni, nyuzi za pamba kwenye nyusi, umekunja uso kwa ajili ya jua. Bi Zuhura akaiona. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Kulwa, shoga yangu," akasema, "una tangazo la kutosha mji mzima, na umekaa nalo kimya?"

Akaipeleka kwa mpiga picha ikakuzwa. Mizani ikakatwa, mkono wako ukakatwa, ukabaki uso mtupu. Mimi nikapakwa poda nikapigwa yangu. Zikawekwa dirishani pamoja: chini ya uso wako imeandikwa KABLA, chini ya wangu imeandikwa BAADA. Kana kwamba ni mtu mmoja.

Nisikudanganye, Doto. Hakuniibia. Aliniuliza. Alisema, "Nduguyo yuko huko kwenu, ataona wapi?" Nami nikacheka nikasema weka. Nilikuwa nimefanyiwa mashine mara tatu tu. Tofauti yetu mimi na wewe haikuletwa na mashine. Wewe umesimama juani miaka kumi na mitano ukipima pamba za watu, mimi nimekaa kivulini chini ya feni. Nilijua hivyo na nikanyamaza. Watu walisimama nje, wanatazama dirisha, kisha wanachungulia ndani kunitafuta, na wakiniona wananyoosha vidole: ndiye yule! Nilifurahi kama mwali. Nilipendeza kwa sababu wewe ulikuwa kando yangu umeungua na jua, na sikuona haya.

Kilichofuata ni adhabu yangu na nilijipa mwenyewe. Ukishawekwa dirishani kuwa BAADA, huwezi tena kuamka na uso wa kawaida. Wateja wanakukagua. Mmoja aliniambia, "Mbona hapa chini ya jicho pamelegea?" Basi mara mbili kwa wiki ikawa kila siku, saa ya chakula, wenzangu wakienda kula ugali. Dakika kumi zikawa ishirini. Nikaongeza na ute wa yai juu yake, unaukausha unavuta kama gundi, siku moja hauudhi mtu, siku ya tatu mfululizo ngozi inalia. Mwalimu wa Nairobi alikuwa amesema hapana, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wateja hapana hiyo hiyo, kisha najifungia pazia najifanyia. Kufika wiki ya pili mashavu yalikuwa mekundu yameumuka, ngozi ya kidevu inabanduka, na jicho la kushoto linacheza lenyewe bila kuulizwa. Kucheka sikuweza. Nikitaka kucheka, mdomo unaishia njiani. Nikapaka poda juu yake nikaendelea kusema, "Karibu, mama."

Siku hizo ndipo Mama Mabula alipoingia. Amekuja Dar kuchukua marobota yake ya mitumba, anapita zake barabarani, akaona dirisha. Hakupiga hodi. Alisimama katikati ya saluni, wateja wanne wamekaa, mmoja amelala na jeli usoni, akanikazia macho.

"Doto!" akasema. "Mwadila! Mayu, mama wee, nani amekufanya hivi?"

Nilitaka kumwambia si Doto. Nilitaka nicheke kwanza, mashavu yakakataa. Akanishika kidevu, akakigeuza kulia, akakigeuza kushoto, kama anayekagua ndama wa mnada, kisha akawageukia wateja.

"Nyie, huyu namfahamu. Huyu ndiye anayetupimia pamba huko kwetu Bariadi. Oneni pale dirishani alivyokuwa! Uso mzuri, umetulia, macho yanakutazama. Sasa mtazameni hapa. Amevimba kama ametoka kurina asali!"

Bi Zuhura akaja mbio na tabasamu lake la wateja. "Mama, umechanganya. Ile picha ndiyo ya kabla."

"Ndiyo ninayosema! Kabla alikuwa mzima! Ni nyie mmemharibu!"

Doto, wateja waliangua kicheko mpaka yule wa jeli akakaa akaomba kioo. Bi Zuhura alibaki na mkono hewani. Lakini Mama Mabula hakucheka. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, nakuapia.

"Mama," akamwambia Bi Zuhura, polepole sasa, "mrudishe kama alivyokuwa. Msimu umefunguliwa. Wanunuzi siku hizi ni wengi, kila mmoja na mizani yake, na mizani nyingine zina mkono wa mtu. Huyu msimu uliopita alikunja mikono mbele ya tajiri wake, akasema hapimi kilo ya mtu mpaka mizani irekebishwe. Asubuhi nzima tumekaa juu ya mizigo yetu ya pamba tunamngoja, na ikarekebishwa. Uso ule pale tunaujua. Ukiuona kwenye mizani unashusha mzigo wako huna wasiwasi. Huu mlioutengeneza hapa, nani atauamini?"

Hukuniambia hayo. Barua tatu umeniletea tangu msimu ule, umeniandikia mbuzi aliyezaa na paa lililovuja, na hilo hukuliandika. Nilisimama pale na jicho langu linacheza, nikamtazama mtu wa dirishani ambaye sote tulikubaliana ana kasoro. Nikaona haya. Nimekuwa nikiona haya mara nyingi maishani, unajua, lakini nyingine zote zilikuwa za kuonekana na watu. Hii ilikuwa ya kukukosea wewe.

Nikaenda dirishani. Nikabandua picha yako. Nikageuka nikawaambia wote, na Bi Zuhura akisikia: "Mimi siye yule. Naitwa Kulwa, huyu ni Doto, pacha wangu, hajawahi kuiona mashine hii kwa macho. Mashine inakaza ngozi, lakini kidogo. Ukiitumia kwa kipimo utapendeza kidogo. Ukiikamia utakuwa kama mimi." Nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta poda, wakaona vizuri.

Mmoja akavaa viatu akaondoka. Wa pili akafuata. Yule wa jeli, mama mtu mzima anayemwoza binti yake, akajilaza tena. "Mimi hicho kidogo ndicho nilichokifuata," akasema. "Endelea, mwanangu, ila usipitishe dakika." Na Mama Mabula, alipokwisha kuelewa kwamba mimi ni Kulwa, alinikumbatia, akanitukana, akanikumbatia tena, akasema nimekonda, akaaga. Nilimwomba asikuambie mpaka nikuandikie. Akasema, "Wabeja, ng'wanawane, asante mwanangu, nitajitahidi," na sote wawili tulijua hataweza.

Bi Zuhura alinipeleka chumba cha nyuma. "Umeniua, Kulwa," akasema. Siku tatu hakunisemesha ila kwa habari ya taulo na sabuni. Nikaanza kufunga kikapu changu moyoni. Siku ya nne akaja na karatasi kubwa aliyoiandika kwa mkono wake: MARA MBILI KWA WIKI. HATUZIDISHI HATA UKITUBEMBELEZA. Akaibandika pale pale ulipokuwa uso wako. Wallahi, alisema siku chache baadaye, watu wameanza kuingia kuuliza ni saluni gani hii inayokataa pesa.

Na jana, baada ya kufunga hesabu za mchana, akaniita. "Wanaotaka kwenda Mwanza ni wengi," akasema. "Lakini wewe Mwanza ni kwenu. Ukidanganya mtu kule, ndugu zake watakufahamu siku hiyo hiyo. Ndiyo maana nakutuma wewe." Nilitaka kumbusu, ila bado midomo inauma.

Mashavu yanapoa. Nimeacha kila kitu: mashine, yai, poda, vyote. Naosha kwa maji, napaka mafuta ya mgando, basi. Jicho limetulia. Jana nilicheka mpaka mwisho wa kicheko, kwa mara ya kwanza wiki hizi zote, na wenzangu wakanipigia makofi.

Na lile swali la Mama nimeliwaza sana. Mwambie ameshinda. Kuanzia leo sijigusi uso peke yangu. Mashine ya Mwanza itakuwa mikononi mwangu, na wewe ukija ukitaka, nitakulaza mimi mwenyewe, nitakupaka jeli, dakika kumi kila shavu, mara mbili kwa wiki, na wewe utanifanyia mimi hivyo hivyo. Nitakufundisha, ni rahisi kuliko mizani. Ukisema hutaki, na mimi sitaki. Sikuambii kwa unyonge. Nikikuwaza umelala pale umefumba macho, unalalamika kwamba sisimizi wanakutembea, nacheka peke yangu kama mwehu. Lakini nisikie vizuri: sikuiti uje urekebishwe. Uso wako hauna cha kurekebishwa. Nakuita kwa sababu mwalimu alisema ukifanyiwa unasikia usingizi mtamu, na wewe tangu nikujue hujawahi kulala mchana.

Nisalimie sana Mama, mwambie namletea khanga mbili za aina moja, moja ni ya kwako. Msalimie shemeji, apake ile dawa ya mgongo asiiweke tu juani. Msalimie Shija, mdogo wetu aliyetufuata, mwambie akamate jogoo. Mama mkwe wako kule Mwamanyili usimsahau, wala jirani yako mshona nguo, na wanangu wote wabusu usoni kote kwa niaba ya mama yao mkubwa.

Picha yako iliyokuzwa naileta mkononi, siipeleki popote tena bila ruhusa yako. Nitapanda treni ya Alhamisi mpaka Shinyanga, kisha basi la Bariadi linalopita Maswa. Nyalikungu sitashuka, Mama atanisamehe. Nitapita moja kwa moja mpaka kwako. Kama moyo umeshalegea, nikute stendi. Kama bado umekasirika, usije, na wala usijisikie vibaya. Nitauliza njia ya kituo cha pamba, nitasimama kwenye foleni nyuma ya wakulima na mizigo yao, picha yako mkononi, uso huu huu unaobanduka. Zamu yangu ikifika, sema lolote unalotaka kusema, kwa sauti, watu wote wasikie. Mimi nilikuweka mbele ya watu wote.

Ni mimi pacha wako, niliyekutangulia kuzaliwa na nikakutangulia kukosea,

Kulwa